Usukani wa Kilonzo Umekaa Kombo

Kawangware,
Jumatano.

Dada yangu Mwende,

Habari za hapo nyumbani? Goti la mama linaendeleaje na hii baridi? Na yule mbuzi wako mkorofi bado anakula nguo za majirani? Mimi ni mzima, nakula, nalala, ila mikono bado inanuka grisi hata nikiiosha na sabuni ya unga. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu ya mama huwekwa sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza, na hili nataka ulijue wewe kwanza.

Unamkumbuka Kilonzo wa kule kwetu, aliyenipa kazi kwenye gereji yake huku Nairobi, mtaa wa Laini Saba. Yeye anashusha magari ya vijana, anakata springi mpaka gari linakaribia kulalia barabara, kisha mimi ndiye nilikuwa nafanya alaimenti. Maana gari likishashushwa, magurudumu hayaangalii tena mbele sawasawa. Linavuta upande na linakula tairi kwa ndani, kwa hivyo lazima yanyooshwe upya. Unajua pia vile nati ya usukani ililegea kwenye gari la yule mteja, likaingia mtaroni, akavunjika mguu. Nati ile aliikaza Kilonzo mwenyewe, simu ikiwa sikioni, mimi nikiwa nimesimama hapo. Lakini watu walipojaa alininyooshea kidole. "Ni huyu," akasema. "Wanawake hawana nguvu ya spana." Akanifukuza mbele yao, na hadithi ikafika soko la kwetu kabla sijapata hata chumba huku Kawangware.

Hayo yote ningemeza. Kitu sijameza ni mama kunipigia na kuniuliza polepole, "Kanini, ni kweli ulivunja mtoto wa watu mguu?" Nikamwambia si kweli, akasema sawa. Ile sawa yake naijua, na wewe unaijua. Tangu hapo nikimwambia nakuja nyumbani, ananiambia nisubiri kwanza watu wasahau. Mwende, nimemchukia huyo mtu kwa bidii.

Basi wiki jana, nani anaingia kwenye uwanja wa mafundi ninapofanya kazi sasa? Kilonzo, na gari lake jipya la bluu, amelishusha mwenyewe mpaka bampa inafagia vumbi. Tairi za mbele zimeliwa kwa ndani hadi nyuzi zinaonekana. Alikuwa amejaribu alaimenti ya mashine kule mtaa wa Satellite, lakini gari liko chini sana, bampa ikakwama likipanda kwenye mashine, wakamwambia atafute fundi wa kamba. Fundi wa kamba ni mimi. Navuta kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, napima na rula gari likiwa hapo hapo chini.

"Sasa Kanini," akasema, meno yote nje. "Zile za kitambo si tulimaliza?"

"Leta funguo," nikamjibu.

Nikajiingiza chini ya gari lake. Nati ya aina ile ile, inayoshika fimbo kati ya usukani na gurudumu, iko mbele ya pua yangu, na spana ninayo. Nilikuwa nimeilegeza ili ninyooshe magurudumu, na nakuambia ukweli, nilitaka kuiacha hivyo. Nilimwona kabisa akiwa mtaroni ameshika mguu wake, na nikasikia raha. Halafu nikafikiria: nikiiacha, ule uongo wake nitakuwa nimeufanya ukweli kwa mkono wangu. Nikaikaza mpaka kiwiko kikauma, nikarudia tena.

Lakini hakutoka bure. Magurudumu niliyanyoosha vizuri kabisa, halafu usukani wenyewe nikauacha umelala upande kama kofia ya mlevi. Gari halivuti, halili tairi, ila akitaka kwenda mbele lazima ashike usukani kombo. Halitaumiza mtu. Litamwaibisha tu, maana nani atamwachia gari fundi ambaye usukani wake mwenyewe umepinda? Na akizigusa zile fimbo bila kamba, anaharibu kila kitu. Atajua hajui.

Jana alirudi. Meno ndani.

"Kanini, usukani uko kombo."

"Najua. Ni mimi niliuweka hivyo."

"Si uninyooshee? Wateja wananicheka."

"Mama yangu unamjua?"

Akaangalia chini. "Namjua."

"Utampigia Jumapili akitoka kanisani. Utamwambia ni nani alikaza ile nati. Mama akiniambia amesikia, lete gari."

Akasema nina roho mbaya. Nikamwambia ni kweli, nikarudi kwa kazi yangu. Kabla hajatoka langoni aliniomba namba ya mama, nikamwandikia kwenye kiganja.

Nisalimie shemeji na watoto, na shangazi anayeimba kwaya na wewe. Mjomba muuza maharagwe, aliyeitangaza ile hadithi soko zima, usimsalimie bado. Muite tu Jumapili aje kunywa chai. Mama akipigiwa na namba asiyoijua, mwambie apokee, na hiyo sauti kubwa msiipunguze.

Mdogo wako anayejiandaa kuja nyumbani,

Kanini