C ya Kati kwenye Chupa ya Soda

Jumatatu, 5 Juni 1995
Daftari, mshikaji wangu, mazoezi ya kwaya tena, na tena nimeanzisha wimbo juu mno. Soprano wamekauka koo. Mama Yusta, mkubwa wao, akaniuliza, "Kijana, mbona unatupeleka mbinguni kabla hatujafa?" Kwaya nzima ikacheka. Tangu Mwalimu Anselmi ahamie chuoni Kasulu, nota kaniachia mimi, niliyejifunza kwa kuchungulia begani kwake. Wimbo unaanzia C ya kati. Naijua kwa macho: ina kijimstari chake peke yake, katikati ya mistari ya soprano na ya besi. Sauti yake siijui. Hapa Kibondo wa kumuuliza hayupo. Nachukia.

Alhamisi, 8 Juni
Kasulu. Mwalimu kabonyeza kinanda. Ndiyo hiyo! Kumbe iko chini vile! Wote wanahesabia hapo, wa juu na wa chini. Nimerudi nimeishika mdomoni, mmmm, njia nzima. Abiria mmoja kanipa pole ya jino.

Ijumaa, 9 Juni
Imepotea. Asubuhi nilikuwa nayo, jioni nikatoa nyingine. Mama Yusta: "Hiyo C yako ina miguu?" Kwaya wamekubaliana: Jumapili tukiharibu, nota basi, tunarudi kwenye nyimbo za kukariri. Hakuna aliyenitetea.

Jumamosi, 10 Juni
Kasulu tena, na chupa tupu ya soda. Mwalimu anabonyeza, mimi napuliza mdomo wa chupa, namimina maji kidogo kidogo mpaka sauti zikalingana. Nikakwaruza alama kwa msumari, maji yalipofikia. Maji yamemwagika njiani, wala sijali. Ya Kibondo yatafika alama ile ile! Mwalimu kasema nihamie kwake, tusome nota pamoja.

Jumapili, 11 Juni
Nimepuliza nyuma ya ngoma. Wakaingia kwenye wimbo. Besi hawakukoroma, soprano hawakukaza shingo. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Kumbe C ikiwa sawa, hakuna anayeikumbuka. Mama Yusta akasema tu, "Leo hatukuchoka." Wakaondoka wawili wawili.

Jumatatu, 12 Juni
Kumetulia. Nimejaza maji mpaka kwenye alama, nimepuliza. Nikangoja, kama vile kuna mtu ataitikia.
Chupa naweza kuwaachia. Alama kila mtu anaiona. Wataimba bila mimi, na wataimba vizuri. Hilo ndilo linaniuma.
Mshikaji, ungekuwa wewe, ungeenda kwa Mwalimu?