Milango Kumi na Miwili

Mama yangu uliyetangulia,

Neema, mjukuu wako, amejifungia ndani sasa hivi. Nilikuwa kwenye mfereji wa maji hapa uani nasuuza nguo zake, akasukuma mlango: pa! Kabla sijainuka, Bi Zuhura, jirani yako wa miaka yote, alikuwa ashafika kugonga, unga bado mikononi. "Mama Neema, mbona mlango umefungwa mchana?" Neema akachungulia, anacheka. "Kumbe ni wewe, polisi mdogo! Utatuua na presha!"

Unaikumbuka hiyo sheria ya mlango. Hakuna aliyeiandika. Nyumba kumi na mbili za mawe zimezunguka ua, kila mlango unatazama mfereji, hata mmoja haujageukia nje, sokoni. Jikoni hakuna. Tunapika barazani, ukikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, mtaa wote wa Jericho unajua. "Waliojenga walitunyima jikoni," ulikuwa ukisema, "wakatupa majirani." Na mlango ukifungwa mchana, mtu aende agonge.

Siku ile nilikununia nikajifungia, wamama saba walikuja, mmoja na uji. Aibu niliyoona! Wewe ulikaa juu ya ndoo ukacheka mpaka machozi. "Nuna mlango ukiwa wazi, kama watu."

Nilipoolewa nikahamia mtaa wa Fedha, ghorofa ya tatu, jikoni ndani, kila kitu kinang'aa. Miezi minane sikujua jina la mtu tuliyetazamana naye milango. Nilikuwa huko siku ile Bi Zuhura alipoona mlango wako umefungwa saa nne asubuhi. Alipoingia ulikuwa bado unapumua. Alikushika mkono mpaka mwisho. Mimi nilichelewa, Mama, lakini hukuondoka peke yako. Ndiyo maana nikarudi kulea Neema hapa.

Sasa wenye nyumba wanaamua kama ua urekebishwe au ubomolewe, ijengwe ghorofa. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa kupima nyumba, ana tepu na karatasi. Akaandika: kuta za mawe ya kuchonga, vigae vyekundu, milango ya mbao. Akaniuliza, "Kuna kingine cha maana hapa?" Mimi na shule yangu ya darasa la nane nikaogopa maneno yangu. Nikasema hakuna.

Hakuna! Nimelala na hilo neno wiki nne. Yeye aliona mbao, na mimi niliyejua nikanyamaza.

Leo anarudi mara ya mwisho. Nimewaambia wa hapa nitasema mimi, ndiyo nakuandikia, nijizoeze. Sitaanza na mawe. Nitamsimamisha hapa kwenye mfereji, azunguke polepole, ahesabu milango, aone vile yote inamwangalia. Kisha nimwambie habari ya mlango wako. Nikilia, nilie tu, bora nimalize. Naona kama ataelewa, Mama. Ana uso wa mtu aliyelelewa na majirani.

Bi Zuhura ananiita. "Mama Neema! Wamefika! Wacha kuandika, njoo useme!"

Naenda, Mama. Neema nimembeba. Mlango nauacha wazi, wajionee wenyewe vile tunavyoishi.