Kuangusha Cherehani Kabla ya Posta

Mjukuu wangu Neema,

Hapa kambini Dzaleka tuko wazima. Bibi yako anavuna maharage na anakusalimu sana. Umeuliza utumeje kichwa cha cherehani kwa posta kisivunjike. Mama yako alipokuwa Lusaka bila kazi, nami nilimtumia kimoja, cha chuma kitupu. Nilikiweka kwenye katoni, nikakizungushia nguo. Bibi yako akaiinua katoni, akaiachia ianguke. Ndani kukagonga.

“Wee mwanamke, utaiua!”

“Mzee, kule batairusha tu. Afazali tuirushe siye kwanza.”

Nikafungua. Kitu kizito huvunjwa na nafasi unayokiachia. Nikatoa gurudumu lake la pembeni, nikalifunga peke yake, nikashindilia vipande vya vitenge kila pembe, kisha katoni ikaingia katika sanduku la mbao. Tukaliangusha mara tatu: kimya.

Pale posta ya Lilongwe, karani alilitupa juu ya mizigo mingine. Bibi yako akacheka tu.

Sanduku lilifika limevunjika pembe moja, cherehani ikiwa nzima. Vile vipande vya vitenge mama yako hakuvitupa. Alivishona, vikawa gauni lako la kwanza.

Nawe sanduku lako liangushe bila huruma, kisha uniandikie.

Babu yako