Maelezo Kuhusu Chupa ya Shanga Iliyokamatwa Getini

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: anafahamika kama Mama Pacha
Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa maabara
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya maabara
Uhusiano na mtuhumiwa: shemeji

Mtuhumiwa, ambaye kazini tunamwita Mzee Shanga, alimuoa dada yangu mkubwa, sasa marehemu. Tunafanya kazi meza moja, na kila siku namtania kama shemeji anavyotaniwa. Leo sina utani.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumamosi, umeme ulikatika maabara tangu asubuhi na jenereta likagoma. Kufikia mchana friji yetu ilikuwa imeanza kuvuja maji. Mzee Shanga alitoa chupa moja, akaizungushia barafu, akaifunga kwa mtandio wa marehemu anaouweka kwenye droo yake. Alisema anaipeleka kwenye friji ya nyumbani kwake. Mkuu wa maabara hakupatikana kwa simu, nikamwambia aende tu, nitaendelea kupiga.

Nilimsindikiza hadi getini. Mlinzi, ambaye ni mgeni pale, alimuuliza amebeba nini. Mtu mwingine angesema ni vifaa vya kazi, yakaisha. Yeye akajibu, "Ni mke wangu."

Mlinzi alifungua mtandio, akakuta chupa yenye kitu kama mchanga. Akaita polisi. Simlaumu. Nilijaribu kueleza, lakini nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, hakuna aliyenielewa.

Afande ameniuliza kilichomo. Ni shanga za kioo, ndogo kama chembe za sukari. Juu yake tumenatisha protini, kitu kilichomo kwenye damu ya mtu, chenye umbo lake. Tunamwagia dawa inayoganda, nayo inaizunguka protini na kuwa vijichembe vya plastiki vidogo mno, kila kimoja kikiwa na kishimo cha umbo lile, kama donge la unga ulilolibonyeza kwa kidole. Kisha tunaosha kwa maji baridi. Vijichembe vilivyoshika kivivu vinatoka, tunavimwaga. Tukipitisha maji moto, ndipo vinatoka vile vilivyong'ang'ania. Hivyo ndivyo tunavyovitaka. Ukivitia kwenye damu ya mtu mwingine, vitaitambua protini ileile na kuikamata. Shanga zinabaki na protini yake, tunaanza tena.

Protini ya kwenye chupa hii ilitoka kwa dada. Ugonjwa uliomchukua ni wa ukoo wetu, na protini yake ilikuwa imepinda kwa namna ambayo hakuna duka linaloiuza. Alitoa damu mwenyewe akiwa kitandani, akatuonya tusije tukamwosha kwa sabuni. Nilipomweleza kuhusu maji baridi na maji moto, alimwangalia mumewe akasema, "Wachumba wangu wote walikuwa wa maji baridi. Huyu ndiye wa maji moto." Mzee Shanga aliona haya, akatoka nje. Nilimpenda sana dada yangu.

Binti yao na wanangu mapacha wanasubiri kupimwa kwa vijichembe hivyo, wajue mapema kama nao wanao ugonjwa. Damu ya dada haipo tena. Imebaki chupa hiyo moja.

Afande, chupa hiyo iko mezani kwako na jua la dirishani limeifikia. Maji moto ya dakika chache protini inayavumilia, lakini ikikaa juani na kukauka inapoteza umbo, na hairudi. Kama ni kumshikilia shemeji yangu, mshikilieni, yeye atavumilia. Chupa naomba iwekwe kwenye friji, isigande.

Hayo ndiyo niyajuayo. Nimesomewa, nimeona ni sahihi, natia saini.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari mpokeaji: Nimempata mkuu wa maabara kwa simu, amethibitisha. Mtuhumiwa ameachiwa, anasubiri barafu. Kwa sasa kielelezo kipo kwenye friji ya kantini, rafu ya chini, kimefungwa kwa mtandio wake. Askari wa zamu waliuliza ni nini. Nimewaambia wasikiguse, ni mke wa mtu.