Sindano za Maji

2 Machi

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Hujambo? Wajukuu hawajambo? Mimi sijambo ya kusema tu. Uvimbe umefika kwenye mifupa. Hata shuka likinigusa naumia. Daktari ameniandikia mofini, dawa kali ya maumivu, ya kunywa hapa nyumbani.

Hapo ndipo penye shida. Nikiachiwa chupa ile, nitaimaliza kwa siku mbili. Nilipokuwa metron, nawe nesi chini yangu, nilikuwa nikijidunga dawa za wodini. Nilianza baada ya kupasuliwa mgongo, nikashindwa kuacha. Vichupa nilivijaza maji nikavirudisha kabatini. Wagonjwa walipolalamika kwamba sindano zako haziwatulizi, uliitwa mwizi, na mimi nikakaa kwenye kamati iliyokufukuza. Ulinitazama. Nikainamia karatasi.

Najua naomba kwa mdomo mchafu: njoo uishike dawa hii, unipimie. Wadogo zako nikiwakemea watanipa zaidi. Wewe hutanipa.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole kwa maumivu. Watoto wazima.

Barua yako niliisoma jikoni, mboga ikaungua. Nilijua zamani, Mama. Nani huvaa mikono mirefu kwenye joto lile? Nilingoja useme.

Usilolijua ni hili. Hakuna hospitali iliyonitaka tena. Hata sokoni walinitania, "Nesi, leo kapuni umetubebea nini?" Mwishowe nikaona jina la mwizi wa dawa nimeshapewa, basi nami nilewe kweli. Nilianza na pombe, nikaishia kwenye vidonge. Baba wa watoto hakwenda safari kama tulivyokuambia, alichoka, akaondoka. Sasa ni miaka minne sijagusa kitu, na hata dawa ya kikohozi siweki ndani.

Umemkabidhi fisi bucha. Sitaweza kuja.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Habari za huko? Namshukuru Mungu kwa pumzi, japo imekuwa ya kuazima. Mdogo wako ndiye ananiandikia. Mkono wangu umegoma.

Sikujua. Nakuapia sikujua.

Chupa nimemrudishia daktari. Nyumba hii haina kitu sasa, hata kidonge cha kichwa. Unaweza kuja. Wadogo zako nimewaeleza yote, na yule mwenyekiti wa kamati nikamwita pia. Hakumaliza chai yake. Mdogo wako akaniuliza, "Mama, ni dawa zinazosema?" Nikamjibu kwamba safari hii ni mimi.

Mama yako

14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali. Jana mdogo wangu alinipigia simu, akaisogeza kitandani kwako. Nilisikia unavyolia kwa maumivu, nikakata.

Nani alikutuma uteseke kwa ajili yangu? Unadhani ukilia wewe, mimi nitarudishiwa kazi? Mwambie daktari airudishe dawa leo hii, ikae kwa nesi wa zahanati. Aje akupe mwenyewe kila saa ya dawa ikifika, aondoke na chupa yake. Akiingia yeye, mimi nitatoka niende uani. Ndivyo tutakavyoishi.

Nakuja Jumamosi. Usiwatangazie watu kwamba nimekusamehe, sijakusamehe. Nina maneno ya miaka mingi, na nataka uyasikie ukiwa macho, ukinitazama.

Usife kabla sijafika, Mama. Utakuwa umenikimbia tena.

Mwanao