Vichembe Vilivyovimba Chupani

Nyumba ya pembeni, nyuma ya karakana,
Jumapili, 8 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko na baridi yake? Natumai kikohozi kimekuachia na goti halikusumbui tena ngazini. Sisi tu wazima. Shemeji yako anakusalimu kwa sauti kutoka jikoni, nadhani umemsikia.

Nina habari za binti yako. Huyu Sindano wetu, tuliyempa jina hilo kwa kuwa akiiona sindano alikuwa anaingia uvunguni, leo ndiye anayewatoa watu damu, na hawashtuki.

Unaujua utafiti aliopewa ili afuzu kazi ya maabara. Acha nikueleze, maana ualimu hauniishi. Kwenye damu mna vichembe vinavyokimbilia jeraha na kuliziba. Sukari ikikaa juu muda mrefu, vichembe hivyo huelekea kuwa vikubwa, na vikubwa ni vyepesi kugandisha damu hata pasipo jeraha. Ndiyo maana mwenye kisukari huhofiwa moyo na kiharusi. Sindano alitaka kuona kama ndivyo ilivyo kwa wagonjwa wa kliniki yao.

Majibu yakaja mazuri ajabu: sukari juu, vichembe vikubwa; sukari imetulia, vidogo. Akapangiwa kuyasoma mbele ya madaktari, na kufuzu kwake kulitegemea hapo.

Lakini akakosa raha. Alikaa nami ukumbini, chai inapoa. Nikamuuliza kulikoni.

"Baba mkubwa, yamenyooka mno."

Kesho yake akafuata njia ya damu yenyewe. Akaona wenye sukari ya juu huitwa asubuhi ili daktari awawahi, na damu yao hungoja mezani mpaka kisanduku cha kupelekea chupa maabara kijae. Wenye nafuu huitwa adhuhuri, damu yao hupimwa papo hapo. Na vichembe, mdogo wangu, vikikaa kwenye dawa inayowekwa chupani ili damu isigande, huvimba vyenyewe.

Akaenda kwa mkuu wa maabara kuomba aanze upya.

"Binti, majibu kama haya watu wanayaota, wewe unayatupa?"

"Mzee, mengine yamevimba chupani, si mwilini. Sijui ni mangapi."

Mkuu alinisimulia mwenyewe, huku anacheka. Nafasi ya kusoma majibu mbele ya madaktari ikaenda kwa mwenzake. Sindano akarudia yote, kila damu ikipimwa baada ya kungoja muda uleule. Safari hii tofauti imekuwa ndogo, lakini ipo, na hakuna wa kuitikisa. Nimefundisha miaka mingi. Wanafunzi wa kukubali kupoteza jibu zuri nawahesabu kwa vidole.

Amepewa nafasi nyingine, mwisho wa mwezi ujao. Amekuwekea kiti cha mbele.

Nawe unayetuambia kila mara kwamba kisukari chako hakikuumi, bintiyo anaomba upime kabla ya safari. Usipopima, atakupima mwenyewe ukifika, na uvungu wa hapa haukutoshi.

Wasalimie mke wako, yule mtoto wenu mdogo mkorofi, na jirani yako fundi saa. Mola awalinde nyote na akufikishe salama.

Njoo, mdogo wangu. Damu yako haitangojeshwa mezani.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na leo ninayejivunia mtoto wako kama wangu.