Baba Yetu Si Mzuka wa Kisiwani

Mpendwa Odongo, pacha wangu,

Hilo "mpendwa" ni mazoea tu. Mama alitufundisha kuanza barua hivyo, nami bado namheshimu mama.

Unakumbuka ule mwaka ziwa lilipokataa kumrudisha baba? Mashua ilipatikana, nyavu zikapatikana, yeye hakuonekana. Wazee wakazika tunda la yago, lile refu la mti wa mvungunya, mahali pake, kama desturi yetu inavyotaka kwa mtu ambaye mwili wake umepotea. Wewe ulimvuta mjomba shati ukauliza, "Na huko aliko, atajua tumemzika?" Mjomba alikupa udongo utupe, ukakataa. Kesho yake tuligeuza kalenda kuukuu upande wa nyuma, tukachora visiwa.

Tuliviita Visiwa vya Yago. Waliozama waliishi huko, wakishona nyavu, wakianika dagaa wa omena na kubishana kuhusu mpira kama watu wa kwetu Usenge. Mchezaji alirusha dadu, akasogeza kifuniko chake cha soda kutoka kisiwa hadi kisiwa akiwa amebeba tunda. Akimfikia aliyezama, anamwita kwa jina, analiweka tunda chini, na yule mtu anapumzika. Hivyo ndivyo mtu alivyoshinda. Kisiwa cha kwanza alikaa baba, na ile sweta yake ya kijani iliyochanika kiwiko. Ulimchora wewe.

Ulipopata watu wa kuuchapisha mchezo huko Nairobi, nilifurahi kuliko wewe. Nilikunja kalenda ile nikakukabidhi mwenyewe hapo stendi ya Kisumu. Ukasema, "Apiyo, baba atafika mbali." Amefika kweli.

Sanduku la mchezo lililetwa kwa basi. Nililifungulia hapo hapo ofisi ya vifurushi. Ziwa limekuwa bahari. Minazi imeota, Odongo, na sisi nazi tulikuwa tunaiona sokoni tu. Omena hakuna, kuna masanduku ya dhahabu. Jina sasa ni Visiwa vya Mizuka. Waliozama wamepewa makucha, na mchezaji hushinda kwa kuwaua. Tunda la yago bado lipo, nashukuru. Limekuwa bomu. Unawarushia.

Nilikupigia nikiwa bado nimelishika sanduku. Ukaniambia, "Elewa basi, sis. Watu wanataka vita. Kisiwa hakina adui, nani atacheza?" Nikakuuliza kama walikulazimisha. Ukasema walipendekeza tu, wewe ukakubali. Tangu siku hiyo hushiki simu zangu. Kikulacho ki nguoni mwako; mimi changu nililala nacho tumbo moja.

Ningeweza kuvumilia minazi. Hata jina ningelizoea. Lakini nilipeleka sanduku nyumbani kwa sababu mama alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa ufukweni kwamba watoto wake wametengeneza mchezo. Alinawa mikono kwanza, akapanga kadi za visiwa mezani moja moja, akizisifu. Akafika kisiwa cha kwanza. Makucha ulimpa, meno ukamrefusha, lakini sweta ukaiacha ileile, na kiwiko chake.

Mama aliitazama sana ile kadi. Akasema, "Huyu si baba yenu? Mbona amewekwa meno ya mbwa?"

Akaniuliza tena, polepole, "Na hapa chini wameandika nini?"

Nikamsomea, kwa sababu sijawahi kumdanganya mama na sikutaka kuanza kwa ajili yako. Imeandikwa: mpige kabla hajakufikia. Mama aliinuka, akavaa kitambaa cha kichwa kama anayekwenda kanisani, akaitia kadi kifuani na kutoka nje. Nilimwona dirishani akipiga magoti pale tulipozika tunda, akichimba kwa mwiko wa ugali. Alipomaliza kuifukia kadi akamwita baba kwa jina, kama tulivyokuwa tunacheza.

Nina hasira nawe, Odongo, na sitaki uniombe msamaha kwa simu. Sanduku letu lina upungufu wa kadi moja. Mgeni akija kucheza hapa, kisiwa cha kwanza anakikuta kitupu, anapita salama. Jana mama aliniambia nikuandikie kwamba baba amezikwa mara ya pili, na safari hii pia mwanawe wa kiume hakutupa udongo.

Pacha wako niliyekutangulia kutoka,
Apiyo